Alama za mara ya pili: kuitazama Buffy upya, episodi kwa episodi

Buffy the Vampire Slayer, tamthilia ya Marekani kuhusu msichana anayewinda vampaya, ina episodi 144 katika misimu 7, kuanzia tarehe 10 Machi 1997 hadi 20 Mei 2003. Kila episodi ni dakika 42 hadi 45 bila matangazo, kwa hiyo kazi nzima inapita saa 100. Ukitazama mbili kila jioni bila kuruka siku, utamaliza baada ya jioni 72. Wengi wanaoanza kutoa alama huacha msimu wa 2 ukiwa katikati, na hadithi siyo iliyowachosha. Wameshagawa 9 na 10 kwa vitu vya msimu wa 1, sasa imefika “Passion” na hakuna pa kuiweka.

Anayetazama kwa mara ya kwanza anapima mshtuko. Wa mara ya pili anajua nani atakufa, nani atapoteza roho na nani atageuka, kwa hiyo mshtuko umeshaliwa. Kinachobaki ni kazi ya mikono: tukio liliandaliwa vipi, kamera iliwekwa wapi, sentensi ya mwanzo ilibeba nini ambacho hukukiona. Ndiyo maana alama zako za zamani, kama unazo, ziache zimefungwa mpaka msimu uishe. Ukizichungulia kabla, utajikuta unazitetea badala ya kutazama.

Kabla ya alama, kagua nakala. Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia, na mtu hujua akiwa ameshafika msimu wa 4. Tamthilia hii ilitengenezwa kwa skrini ya umbo la zamani, 4:3. Misimu 2 ya kwanza ilipigwa kwa filamu ya milimita 16, ndiyo sababu picha ina chenga na usiku wake ni mzito. Kuanzia msimu wa 3 wakahamia milimita 35. DVD za Ulaya za msimu wa 4 hadi wa 7 zilitolewa kwa umbo pana, 16:9, na baadaye, mnamo 2014, ikaja nakala iliyosafishwa kwa ubora wa juu, nayo pia ni pana. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye matatizo. Upana umepatikana ama kwa kukata juu na chini, ama kwa kufungua pembeni mahali ambapo waliopiga picha hawakukusudia paonekane. Matokeo yake ni taa, vifaa na hata watu wa kazi wanaochungulia ukingoni mwa fremu. Baya zaidi, kuna matukio ya usiku yaliyopigwa mchana kisha yakatiwa giza studio. Katika nakala hiyo giza limesahaulika, na vampaya wanakatiza kwenye mwanga ambao kwa kanuni za hadithi yenyewe ungewageuza majivu.

Namna ya kukagua ni rahisi. Fungua episodi yoyote ya msimu wa 1 au wa 2 yenye tukio la makaburini. Kama picha imejaa skrini yote ya televisheni ya sasa, na anga la usiku lina rangi ya saa 11 jioni, una nakala iliyoharibiwa. Nakala sahihi ina mapande meusi kushoto na kulia. Usiguse kitufe cha kujaza skrini. Nyuso zitanenepa na mapigano yataonekana ya polepole kuliko yalivyo. Episodi moja tu iliandaliwa iwe pana tangu mwanzo, “Once More, with Feeling” ya tarehe 6 Novemba 2001, ile ya nyimbo. Hiyo nayo ina mtego wake: nzima ni kama dakika 50, lakini ipo iliyokatwa kwa ajili ya marudio. Faili yako ikisoma dakika 42 au 43, kuna vipande vimepotea, na usiipe alama mpaka upate nzima.

Zima pia ile huduma ya kuruka utangulizi. Katika “Superstar”, episodi ya 17 ya msimu wa 4, utangulizi umebadilishwa makusudi ili Jonathan, mhusika mdogo tu, aonekane ndiye stelingi wa mji. Ukiruka, umeruka nusu ya mzaha na dalili ya kwanza kwamba uchawi umetumika. Katika “Seeing Red” ya msimu wa 6, jina la Amber Benson, anayeigiza Tara, linaingia kwenye utangulizi kwa mara ya kwanza, baada ya misimu kadhaa ya kuwa mgeni. Anayejua kitakachotokea dakika za mwisho anaelewa ule ni ukatili wa aina gani. “The Gift”, episodi ya 100, inaanza na muhtasari unaokimbia kupitia hadithi nzima iliyotangulia, na mwendo wake wenyewe ni sehemu ya kazi. Na ukivumilia hadi nembo ya mwisho ya “Becoming, Part Two”, utamkuta yule kikaragosi anayenguruma kila wiki akisema anahitaji kukumbatiwa.

Sasa mizani. Mizani ya 10 yenye nusu-nusu inatosha. Mizani ya 100 inaonekana ya kitaalamu lakini hakuna anayeweza kueleza tofauti ya 71 na 73. Igawe hivi: kisa 4, wahusika 3, utengenezaji 2, na 1 iliyobaki kwa kile kinachosalia kichwani kesho yake asubuhi. Hiyo 1 ya mwisho usiijaze usiku huohuo. Tatu za kwanza ziandike ndani ya dakika 10 baada ya nembo ya mwisho, kabla hujazungumza na mtu. Mkitazama wawili au watatu, kila mmoja aandike chake na karatasi zigeuzwe pamoja; vinginevyo mwenye sauti kubwa ndiye atakayetoa alama za wote.

Kabla ya kuanza, chagua nguzo nne unazozikumbuka vizuri, uzipe alama, na uzibandike mahali unapoziona. Kwangu “Bad Eggs” ni 3, “Killed by Death” ni 5, “Halloween” ni 7.5, “Passion” ni 9. Hizi ndizo zinazozuia mfumuko. Msimu wa 1 ni mfupi, episodi 12, na ulikamilika kutengenezwa kabla haujaanza kuonyeshwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameona watazamaji wanapenda nini. Ndani yake, “Angel” inang’aa kwa sababu majirani zake ni mdudu wa “Teacher's Pet” na roboti la “I, Robot... You, Jane”. Bila nguzo utaipa 9. Ukiiweka kando ya “Passion”, inashuka hadi 7, na pale ndipo pake.

Jambo la pili linaloharibu hesabu ni kuchanganya uzito wa tukio na ubora wa episodi. “Surprise” na “Innocence” zilionyeshwa tarehe 19 na 20 Januari 1998, siku mbili mfululizo, wakati tamthilia inahamishwa kutoka Jumatatu kwenda Jumanne. Katika hizo Angel, vampaya mwenye roho na mpenzi wa Buffy, anapoteza roho yake, na hadithi nzima inageuka. Lakini “Surprise” peke yake ni episodi ya maandalizi: watu wanapeleka masanduku, wanafanya sherehe, wanatoroka. Ukiipa 9 umeipa msukumo wa “Innocence” ambao haiustahili. Dawa ni safu mbili. Ya kwanza ni alama ya episodi. Ya pili ni herufi ya mkondo: A kama hadithi kubwa haisomeki bila hiyo, B kama inasaidia, C kama unaweza kuiruka na usipotee. “Surprise” inapata 7 na A. “The Zeppo” ya msimu wa 3 inapata 9 na C, na hiyo C ni sehemu ya ucheshi wake, kwa kuwa dunia inakaribia kuisha nyuma ya mlango na kamera imekataa kuingia, imeamua kumfuata Xander, rafiki wa Buffy, na gari lake.

Herufi ya mkondo iandikwe kwa penseli. “The Wish” inaonekana C hadi utakapokumbuka kwamba ndipo Anya anapoingia, na Anya atakuwepo hadi episodi ya mwisho kabisa.

Kuhusu mazimwi yenyewe, adhabu iwe moja. Bajeti ya miaka ile ilikuwa ndogo na inajulikana. Nyoka wa “Reptile Boy” ni mtu ndani ya mpira. Punguza kwenye utengenezaji, pointi 1 au 2, kisha nyamaza. Kinachokosewa ni kupunguza tena kwenye kisa kwa sababu zimwi limekuchekesha. Nyoka mkubwa wa “Graduation Day, Part Two” naye amezeeka vibaya, michoro ya kompyuta ya 1999 iko wazi mno, lakini mpango wa kumshinda umejengwa hatua kwa hatua kuanzia udhaifu wake mwenyewe, na wanafunzi wanaovua majoho na kutoa silaha bado wanasimamisha nywele. Utengenezaji 1 kati ya 2, kisa 4 kamili.

Kanuni za ulimwengu ni suala lingine. Vampaya hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Hapa mtazamaji Mswahili hahitaji maelezo, ni hodi isiyoitikiwa. Fuatilia kanuni hii na utaona waandishi waliiheshimu karibu kila mara, hata wakaichezea. Katika “Passion”, Angelus, yaani Angel asiye na roho, anaingia shuleni usiku na kumweleza mwalimu Jenny kwamba maandishi ya Kilatini pale mlangoni yanamkaribisha kila atafutaye elimu. Kinyume chake ni pumzi. Katika “Prophecy Girl” Angel anashindwa kumpulizia Buffy aliyezama kwa sababu vampaya hana pumzi, na Xander ndiye anayemwokoa. Msimu unaofuata vampaya Spike anavuta sigara na kutoa moshi bila shida. Je, upunguze alama? Ninashauri hivi: kosa la kanuni lipunguze pale tu ambapo utatuzi wa kisa umesimama juu yake. Moshi wa Spike haubebi kitu. Pumzi ya Angel inabeba kilele kizima, na ndani ya episodi ile imetumika sawasawa.

Mpangilio nao una kichwa chake. “Earshot” ni episodi ya 18 ya msimu wa 3. Ndani yake Buffy anasikia mawazo ya watu na kugundua kwamba mtu shuleni anapanga kuua wengi. Jonathan anakutwa mnarani na bunduki. Shambulio la shule ya Columbine lilitokea tarehe 20 Aprili 1999, siku chache kabla ya tarehe “Earshot” iliyopangiwa kuonyeshwa, na kituo kikaiondoa. Ilionyeshwa tarehe 21 Septemba. Sehemu ya pili ya “Graduation Day” nayo ilisogezwa hadi tarehe 13 Julai. Orodha zinazofuata tarehe za kuonyeshwa zinaiweka “Earshot” baada ya mahafali, na hapo “The Prom” inapungukiwa: Jonathan ndiye anayepanda jukwaani kumkabidhi Buffy mwavuli kwa niaba ya wanafunzi, na bila mnara ule yeye ni mvulana tu mwenye kipaza sauti. Irudishe nafasi ya 18 kabla hujatoa alama ya chochote kinachofuata. Tofauti ya “The Prom” kati ya mipangilio miwili ni kama pointi 1 nzima.

Kuanzia Oktoba 1999 kuna pia Angel, tamthilia pacha yenye episodi 110. Si lazima kuitazama yote, lakini jozi chache zinabadilisha alama. “The Harsh Light of Day” inamalizia kwa pete inayopelekwa Los Angeles, na “In the Dark” ndiyo inayoipokea. “Pangs” inafuatwa na “I Will Remember You”. Faith, mwindaji mwingine wa vampaya, akitoka “Who Are You?”, mfuate “Five by Five” na “Sanctuary”, ndipo “The Yoko Factor” ieleweke kwa nini Angel na Buffy wanazungumza vile. Jozi bora kuliko zote ni “Fool for Love” na “Darla” za tarehe 14 Novemba 2000: vurugu zilezile za China zinaonekana kwa macho mawili, na kutembea kwa kujigamba kwa vampaya wale wanne katikati ya moto kuna maana moja upande huu na nyingine upande ule. Zitazame usiku mmoja, “Fool for Love” kwanza. Baada ya Buffy kuhamia kituo kingine mwaka 2001, kuvukiana huku karibu kukaisha.

Episodi mbili zinadai maandalizi ya peke yake.

“Hush” ya tarehe 14 Desemba 1999 haina mazungumzo kwa takriban dakika 27. Mabwana wenye tabasamu la chuma wameiba sauti za mji mzima, wanahitaji mioyo 7, na kila mtu anaandika kwenye ubao mdogo uliotundikwa shingoni. Simu ikiwa mkononi, episodi hii inakufa, kwa kuwa hakuna sentensi ya kukurudisha kwenye skrini. Zima maandishi ya chini, hasa yale yanayoeleza sauti. Yatakuandikia kwamba muziki wa kutisha unapigwa wakati wewe unatakiwa kuusikia mwenyewe. Kisha tazama ukumbi wa mhadhara. Giles, mlezi na mwalimu wa Buffy, anaweka karatasi za plastiki kwenye projekta, moja baada ya nyingine, michoro yake ya damu nyingi kupita kiasi, huku kanda ikipiga Danse Macabre ya Saint-Saëns. Maelezo yote ya kisa, ambayo kila wiki husomwa kutoka kitabuni hadi mtu akapiga miayo, yamepita kwa picha, na kila mhusika amecheka au kukereka kivyake kwa ishara. Hapo ndipo pointi za kisa na za wahusika zinapopatikana kwa pamoja. Mara ya kwanza utakumbuka wale mabwana wanaoelea. Mara ya pili utaona kwamba watu walikuwa wanashindwa kuelewana tangu dakika za mwanzo, wakati sauti bado wanazo, na kwamba Buffy na Riley, mvulana anayempenda, sauti zikisharudi, wanakaa wakitazamana bila neno. Ndiyo episodi pekee ya tamthilia hii iliyoteuliwa kuwania Emmy ya uandishi.

“The Body” ya tarehe 27 Februari 2001 haina muziki hata kidogo. Itazame mara tu baada ya “I Was Made to Love You”, kwa sababu picha ya mwisho ya ile ndiyo mwanzo wa hii, na usiongeze nyingine usiku huo. Chakula cha Krismasi kinachoonekana mwanzoni si pambo: majina ya waigizaji yalipaswa kupita juu ya kitu, na Joss Whedon, mwanzilishi wa tamthilia, hakutaka yapite juu ya Buffy akiwa na mwili wa mama yake. Angalia fremu. Mhudumu wa dharura anapoeleza kilichotokea, uso wake umekatwa, unabaki na mdomo unaosema. Buffy hawezi kumtazama, nasi hatupewi. Buffy anatapika zuliani, anafungua mlango wa nyuma, anasikia watoto wanacheza, anarudi na kuweka karatasi ya jikoni juu ya uchafu na kuitazama ikilowa. Hakuna mtengenezaji wa tamthilia za mauzauza anayeacha kamera pale kwa muda ule. Na hapa umbo la picha lina gharama ya moja kwa moja: ukiwa na nakala pana, ufinyu wa fremu zile umelegezwa, na utajiuliza watu waliona nini. Udhaifu ni vampaya wa chumba cha maiti dakika za mwisho. Wako wanaompunguzia episodi nusu pointi kwa ajili yake. Mimi simpunguzi, uchi wake na ubaridi wa lile pigano visivyo na muziki vinamweka upande wa maiti zaidi ya upande wa mazimwi.

Episodi inayopanda zaidi kwa kurudiwa ni “Restless”, ya kufunga msimu wa 4. Adui amekwisha katika “Primeval”, na badala ya kilele unapewa ndoto nne. Kwa mara ya kwanza wengi huipa 6. Lakini ndani yake Tara anamwambia Buffy arudi kabla ya alfajiri, kwa neno ambalo ndilo jina la Dawn, mdogo wake ambaye hajatokea bado, na saa ya chumbani inasoma 7:30, ikirudia hesabu ya 7-3-0 aliyoitaja Faith ndotoni katika “Graduation Day”. Siku 730 ni miaka miwili, na miaka miwili baada ya mahafali inakufikisha “The Gift”. Usiitoe alama ya mwisho mpaka umalize msimu wa 5.

Wastani wa misimu uupige mwishoni, na ukumbuke msimu wa 1 una 12 wakati mingine yote ina 22. Episodi mbaya moja inauangusha msimu wa 1 karibu mara mbili ya inavyouangusha wa 4, kwa hiyo “Beer Bad” inajificha na roboti la “I, Robot... You, Jane” halijifichi. Tumia namba ya katikati badala ya wastani, au toa episodi moja ya juu na moja ya chini kila msimu kabla ya kugawanya. Hadithi za sehemu mbili, kama “Bargaining”, zipe alama mbili hata kama faili ni moja. Palipokatwa pana nguvu yake. Msimu wa 6 utakupa alama zilizotawanyika kuliko yote, “Once More, with Feeling” na “Tabula Rasa” huku, “Doublemeat Palace” kule, na wastani wake wa 6.5 au 7 hautafanana na episodi hata moja uliyoitazama. Uandike pembeni na pengo kati ya ya juu na ya chini.